Jinsi ya Kubuni Kabini ya Puto la Hewa Moto Linalopanda Kilomita 20

Mbunifu wa kabini ya namna hii kwa kawaida huanza kuhangaikia unene wa ukuta, ilhali mimi ningemshauri aanze na kila mahali ambapo hewa inaweza kupenya. Tarehe 27 Mei 1931, mwanafizikia wa Uswisi Auguste Piccard na msaidizi wake Paul Kipfer waliondoka Augsburg, Ujerumani, ndani ya tufe la alumini lenye unene wa milimita 3.5 tu. Puto lao lilikuwa la hidrojeni, lakini somo la kabini ni lilelile: ukuta ulihimili hadi mita 15,781, na kilichowatia hatarini ni tundu dogo lililovuja, ambalo ilibidi walizibe kwa nyuzi na vaselini huku wakipaa.

Chagua umbo la tufe, kwa kuwa kwa kipenyo na unene uleule ukuta wake hubeba nusu ya mkazo unaoupata ukuta wa pipa. Ukiweka ndani mgandamizo wa kilopaskali 75, karibu sawa na wa ndege ya abiria, kule juu kila mita ya mraba itasukumwa nje kwa nguvu ya takriban tani 7. Mlango ufungukie ndani na uwe mpana kuliko uwazi wake, ili hewa yenyewe iukaze, na pawe na vali ya kusawazisha hewa wakati wa kutua.

Ijaribu kabini kwanza kwa maji yaliyosukumwa na pampu kupita kiwango cha safari, kwa sababu ukuta ukipasuka maji hayalipuki kama hewa. Kisha yatoe, jaza hewa, paka povu la sabuni kwenye kila mshono na uangalie kipovu kimoja kimoja, hata kazi hiyo ikichukua siku nzima.

Kaboni dioksidi hudhuru kabla oksijeni haijapungua sana. Mtu mmoja hutoa karibu kilo 1 kwa siku, hivyo feni ipitishe hewa bila kukoma kwenye chokaa ya soda, kemikali inayofyonza gesi hiyo. Kupita kilomita 19, maji huchemka kwa joto la mwili, kwa hiyo rubani avae pia suti ya mgandamizo.

Mwisho, pima uzito bila huruma. Rubani wa Kihindi Vijaypat Singhania alifika mita 21,027 kwa puto la hewa moto kutoka Mumbai mwaka 2005. Katika kimo hicho, hewa ya nyuzi 100 za Selsiasi hubeba takriban gramu 31 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kila kilo ya kabini hudai zaidi ya mita 30 za ujazo za puto.