Somo: Viputo vya maji na viputo vya magadi

Wanafunzi wengi hapa Moshi wamekaririshwa kwamba badiliko la kiumbo hurudishika na la kikemikali halirudishiki. Kipimo hicho kinapotosha. Kioo kikivunjika hakirudi kuwa kizima, lakini kila kipande ni kioo kile kile. Swali la kujiuliza ni moja: kitu tulichoanza nacho bado kipo (badiliko la kiumbo), au kimezaliwa kingine (la kikemikali)? Twende jikoni.

Hatua ya 1. Teleka maji. Viputo vidogo vinavyonasa ukutani mwa sufuria mapema ni hewa iliyokuwa ndani ya maji. Vile vikubwa vinavyopanda kutoka chini baadaye ni mvuke, yaani maji yenyewe yakiwa gesi. Mwenye kipimajoto cha maabara ataona hapa Moshi yanachemka karibu nyuzi 97, na Arusha, iliyo juu zaidi, karibu 95, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri unavyopanda. Ukichochea moto zaidi nyuzi hazipandi. Joto lote linaishia kutenganisha chembe za maji.

Hatua ya 2. Shika mfuniko wa baridi juu ya mvuke, kwa kitambaa, maana mvuke unaunguza vibaya. Matone yanayodondoka ni maji yale yale.

Hatua ya 3. Hapa msiharakishe. Chukua magadi, haya haya ya Ziwa Natron tunayotilia makande, yasage, weka kijiko kimoja kwenye glasi na ukamulie ndimu. Yanafoka bila moto wowote! Shusha njiti inayowaka taratibu hadi juu kidogo ya povu: inazimika. Gesi hiyo ni kabonidayoksaidi, iliyotokea asidi ya ndimu ilipokutana na kaboneti iliyomo kwenye magadi. Ndimu ikitosha, hata ukikausha glasi huyapati magadi yako. Kinachobaki ni chumvi nyingine, sitrati ya sodiamu.

Maswali

*Kidato cha pili, Majengo:* Shikamoo mwalimu. Chumvi ikipotea ndani ya maji, si imeshakuwa kitu kingine?

Marahaba. Hapana. Mimina maji hayo kwenye sahani, anika juani hadi yakauke. Chumvi utaikuta imebaki chini.

*Mama wa wawili, Njiro:* Mshumaa je? Mwanangu kaandika kiumbo, kakosolewa.

Yapo yote mawili, dada. Nta inayochuruzika pembeni imeyeyuka tu, ikipoa inaganda tena. Ile inayopanda utambini inageuka mvuke na kuungua, ikitoa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Swali la namna hiyo mtoto aruhusiwe kueleza, si kuchagua jibu moja.

*Mpagazi, Marangu:* Kule Kibo barafu inapungua hata siku ambazo sioni maji yakitiririka. Inakwenda wapi?

Umeona vizuri, kaka. Hewa ya juu kule ni kavu na jua ni kali, hivyo sehemu ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia umajimaji. Ni badiliko la kiumbo.

*Kijana wa Kibosho:* Na povu la mbege?

Hiyo ni kemia. Hamira hula sukari ya ndizi na kutoa kilevi pamoja na kabonidayoksaidi, gesi ile ile ya magadi na ndimu. Ndiyo maana chombo cha mbege inayochacha hakizibwi kabisa.