Somo la mwamuzi: infildi flai, hatua kwa hatua

Katika besiboli na softiboli, infildi flai ni mpira uliopigwa juu ambao mlinzi wa ndani, yaani wa eneo la beisi, anaweza kuudaka kwa urahisi huku wakimbiaji wakiwa kwenye beisi; mwamuzi humtangaza mpigaji auti (ametolewa) hata kabla haujadakwa. Kanuni hii ipo kwa sababu moja: kumzuia mlinzi asiuachie makusudi mpira mwepesi ili ajipatie auti mbili za bure. Wakimbiaji wakibaki kwenye beisi, anauangusha na, kwa kuwa mpigaji anaijia beisi ya kwanza, wote wanalazimika kukimbia wakiwa wameshachelewa. Wakitoka, anaudaka na wananaswa njiani. Ndiyo maana mwamuzi humtoa mpigaji mapema. Mpigaji akishatoka, hakuna anayelazimika kukimbia. Shika hilo, maana ndipo ugomvi mwingi unapoishia.

1. Kabla ya mrushaji kurusha, hesabu auti na utazame beisi. Auti ziwe sifuri au moja, na wakimbiaji wawepo beisi ya kwanza na ya pili, au beisi zote tatu. Ya kwanza na ya tatu peke yake haitoshi. Mkiwa waamuzi wawili, peaneni ishara mliyokubaliana, kwa mfano kiganja kifuani.

2. Mpira ukipanda, nyamaza. Subiri ufike kileleni uanze kushuka, na wakati huo macho yako yawe kwa mlinzi, si kwa mpira. Ametuliza miguu, uso juu, glavu inapanda? Hiyo ni juhudi ya kawaida: ita. Anakimbia amegeuza mgongo, au itabidi ajirushe? Usiite. Upepo mkali nao uhesabu, kwani mpira unaoyumbayumba hewani si mwepesi kwa mtu yeyote. Mpira wa kunyooka na jaribio la banti (kuugonga mpira taratibu bila kuzungusha gongo) havimo kabisa.

3. Nyosha mkono wa kulia juu, upaze sauti hadi mkimbiaji wa mbali asikie: "Infildi flai, mpigaji auti!" Mpira ukiwa karibu na mstari wa faulo, yaani mpaka ambao nje yake mpira si halali, ongeza "ukiwa halali!"

4. Usisimamishe mchezo. Mpira bado uko hai. Wanaosema "mwamuzi ameshaita, turudi benchi" ndio wanaopoteza pointi. Ukidakwa, mkimbiaji anaweza kusonga baada ya kugusa beisi yake; usipodakwa, anasonga bila sharti hilo. Vyovyote vile, hatari ni yake.

5. Uliosema "ukiwa halali", ufuatilie hadi mwisho. Ukianguka ndani bila kuguswa kisha ukatoka nje kabla ya kupita beisi ya kwanza au ya tatu, ni faulo na infildi flai imefutika. Ukianguka nje, haujaguswa, ukarudi ndani kabla ya beisi hizo na kutulia humo, mpigaji ni auti. Angalia pia hesabu ya straiki (makosa ya kupiga aliyohesabiwa mpigaji): ligi nyingi za softiboli ya urushaji wa taratibu humtoa mpigaji anayepiga faulo akiwa na straiki mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mpira ulishuka kwenye nyasi, nyuma ya wachezaji wa ndani. Timu inasema huo si "ndani".

Marahaba. Mstari wa nyasi hauamui chochote. Swali ni kama mlinzi wa ndani angeweza kuudaka kwa juhudi ya kawaida. Mrushaji na mdakaji wanahesabiwa kuwa walinzi wa ndani, na hata mchezaji wa nyuma aliyejipanga ndani kabla ya mpira kurushwa. Hata akiudaka mchezaji wa nyuma, mwito unabaki ikiwa mlinzi wa ndani naye angeuweza.

Infildi flai imeitwa, mpira ukaanguka. Mkimbiaji wa beisi ya pili akakimbilia ya tatu, mlinzi akakanyaga beisi hiyo na mpira mkononi. Auti?

Hapana. Mpigaji ameshatoka, kwa hiyo ulazima haupo. Ni lazima mkimbiaji mwenyewe aguswe kwa mpira. Kama mpira ungedakwa na yeye ametoka mapema, mlinzi angeupeleka beisi ya pili, aliyoiacha, na hapo angekuwa auti.

Mkuu, mwamuzi alisahau kuita, walinzi wakapata auti mbili za kulazimisha (kwa kukanyaga beisi kabla mkimbiaji hajafika). Tufanyeje?

Kabla ya mpira unaofuata kurushwa, waamuzi wakutane. Kama masharti yote yalikuwepo, mpigaji ni auti, na mkimbiaji aliyeponzwa na ukimya wa mwamuzi anarudishwa. Mpira ukisharushwa tena, limepita. Soma pia kanuni za ligi yenu, baadhi zina kifungu chake.

Mkimbiaji amesimama juu ya beisi, infildi flai ikamwangukia kichwani!

Pole yake huyo. Mpigaji auti, mpira umekufa, mkimbiaji anabaki, mradi hakuingilia makusudi. Angekuwa nje ya beisi, wote wawili wangetoka.

Beisi ya kwanza tu ina mtu, hakuna auti, mlinzi akauachia mpira makusudi. Je?

Hiyo si infildi flai, hivyo mtazame mkono. Kama hakuugusa kabisa, mchezo unaendelea, na mpigaji asiyekimbia atajijutia. Kama uligusa glavu au mkono wake kisha akauangusha kwa hila, mpigaji ni auti, mpira umekufa, na mkimbiaji anarudi beisi ya kwanza. Mpira uliomponyoka kwa bahati mbaya hauingii humo.