Jinsi ya kutafuta malalo ya kulungu wakati wa theluji: mwongozo kwa mwindaji wa upinde

Mwongozo huu unahusu kulungu wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini, ambaye hapaswi kuchanganywa na kulungu (wengine humwita pongo) wa misitu ya Afrika Mashariki, kwa kuwa dume wa huku Amerika huangusha pembe zake kila mwaka wakati wa baridi na kuota nyingine. Ninawinda katika vilima vya kusini-magharibi mwa Wisconsin, ambako barafu ya kale haikufika, na kwa hiyo nchi imebaki na migongo mirefu na mabonde ya kina yanayoteremkia mto Mississippi. Mwenye kuishi kwenye tambarare au vinamasi atalazimika kuirekebisha hatua ya kwanza, zilizobaki zitamfaa.

Jambo moja litangulie. Malalo ya Februari si lazima yawe malalo ya Novemba. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta vibonyeo kumi na kimoja, yaani alama za kulungu kulala kwenye theluji, kwenye mtelemko mmoja wenye jua, nikafunga dungu juu ya mti uliokuwa karibu, na msimu ulipofika nikakaa pale majuma mawili nikitazama kindi. Kulungu walikuwa wamelala pale kwa ajili ya kuota jua, na mwanzoni mwa Novemba hawakuwa na haja hiyo.

Hatua ya 1: Ramani kabla ya buti

Fungua ramani yenye mistari ya kontua na utafute migongo ya vilima, hasa pale mgongo unapotoa pua inayochomoza kuelekea bondeni. Kulungu wa vilimani hupenda kulala katika theluthi ya juu ya mtelemko, upande uliokingwa na upepo, ule ambao mabaharia wetu wangeuita upande wa demani. Sababu yake ni nzuri kuielewa: upepo unaovuka kilele humletea harufu ya kila kinachomjia kutoka nyuma, hewa iliyopashwa joto na jua hupanda kutoka bondeni mchana na kumletea harufu ya kilicho chini, na macho yake hulinda mtelemko wote ulio mbele. Weka alama kwenye kila pua ya namna hiyo, kisha uthibitishe ni ardhi ya nani. Kama ni ya mtu binafsi, omba ruhusa kwanza.

Hatua ya 2: Kuchagua siku

Subiri msimu wa kuwinda ufungwe, kisha uende siku moja au mbili baada ya theluji mpya kuanguka, ili nyayo unazoziona ziwe na umri unaoujua. Usiende wakati theluji imefika magotini na baridi imekaza. Kipindi hicho kulungu huishi kwa mafuta aliyoyahifadhi tangu vuli, na kila anapokurupushwa huyachoma bila kuwa na namna ya kuyarudisha hadi majani yachipue. Kaskazini zaidi, ambako hukusanyika kwa makundi ndani ya misitu minene isiyopukutisha majani ili kukwepa theluji ya kina, mimi nisingeingia kabisa.

Hatua ya 3: Kufuata nyayo kinyume

Anzia mahali pa chakula, kama shamba la mahindi lililovunwa au chini ya mialoni, na ufuate njia iliyokanyagwa kuelekea ilikotoka. Njia ikianza kugawanyika kuwa vijia vingi vyembamba, umekaribia malalo. Punguza mwendo na utumie darubini kabla ya kila hatua kumi.

Hatua ya 4: Kusoma kibonyeo

Hapa usiwe na haraka. Kibonyeo ni alama ya umbo la yai, ambamo theluji imeshindiliwa kwa uzito wa mwili na kuyeyushwa na joto lake. Kama sakafu yake imegeuka barafu na ina manyoya yaliyoganda, mnyama alikaa muda mrefu au amerudi mara nyingi. Kama theluji ya juzi imekijaza, kimeachwa. Pima urefu wake kwa kamba: nikikuta vya ukubwa tofauti vimekaribiana, vingine vikiwa chini ya sentimita 90, nachukulia ni majike na watoto wao. Kimoja kikubwa kilichojitenga, cha sentimita 120 hivi au zaidi, hunifanya nimfikirie dume, ingawa urefu peke yake haunitoshi. Natazama pia mkojo, kwa kuwa dume akisimama na kukojoa kabla ya kuondoka, mkojo huangukia katikati ya kibonyeo, ilhali wa jike huangukia ukingoni au nyuma yake. Ushahidi ninaouamini kuliko yote ni miti iliyochunwa gome kwa pembe hatua chache kutoka hapo, kwa sababu kazi hiyo hufanywa vuli, nayo inaeleza kwamba dume alipatumia mahali hapo kabla theluji haijaanguka.

Hatua ya 5: Kukaa alipokaa

Keti ndani ya kibonyeo, ushushe macho yako hadi usawa wa macho yake, na uandike unachokiona, upepo unakotoka, na mahali ambapo mtu angeweza kukaribia bila kuonekana. Mara nyingi utagundua kwamba ile njia uliyopanga kuipita anaiona yote.

Hatua ya 6: Kurudi mwezi Machi

Theluji ikishayeyuka na kabla majani hayajachipua, rudi kwenye alama zako zote, pamoja na pua zinazotazama kaskazini ulizozikuta tupu mwezi Februari. Wakati wa baridi upepo wa kaskazini-magharibi huufanya mtelemko wa kusini-mashariki uwe na kinga na jua kwa pamoja, ndiyo maana hujaa. Vuli kuna siku nyingi za upepo wa kusini, na siku hizo kinga huhamia upande wa pili. Tafuta majani makavu yaliyolala katika umbo la yai, udongo uliochakaa, na miti iliyochunwa. Andika kando ya kila alama upepo unaoifaa, wala usiyachanganye malalo ya theluji na ya majani katika rangi moja ya ramani.

Dungu ulifunge mwezi huohuo wa Machi, kando ya njia ya kutokea, mbali na malalo yenyewe, mahali ambapo hewa inayoteremka jioni haitapeleka harufu yako kwake.