Una sukari na presha, dawa tatu na bado haishuki? Ulizia mishipa ya figo

Kama unameza dawa tatu za presha kila siku bila kuruka, mojawapo ya kukojoza, na mashine bado inasoma 160 na kitu, usikubali kuongezewa ya nne hivi hivi tu. Uliza mishipa inayopeleka damu kwenye figo ikoje. Wengi hawaambiwi hili, wanaambiwa punguza chumvi acha mawazo, basi.

Kinachotokea ni kwamba mafuta yanaganda ndani ya mshipa wa figo, yale yale yanayoziba mishipa ya moyo, na sukari ya miaka mingi, sigara na umri vinachochea. Mshipa ukibana figo inapata damu kidogo, sasa inakuwa kama mtu wa mwisho kwenye bomba la mtaa, akipata matone anadhani tanki zima limekauka, kwa hiyo inamwaga renini, kemikali ya figo ya kupandisha presha, mishipa ya mwili mzima inabana, chumvi na maji vinabaki mwilini na presha inazidi kupanda.

Anza kwa kuhakikisha presha yenyewe ni ya kweli. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kwenye ngozi sio juu ya shati, usiongee, pima mara mbili uandike zote. Na zile diklofenaki na ibuprofeni za mgongo mnazonunua dukani, hizo zinapandisha presha na zinaumiza figo, mtajie daktari.

Halafu tafuta karatasi zako za kriatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, hapa ndipo penye siri kubwa. Ukianzishiwa dawa za presha kama losartani au enalaprili unatakiwa kurudia kipimo baada ya wiki moja au mbili hivi. Ikipanda kidogo, mfano kutoka 100 kwenda 115, inavumilika. Ikipanda zaidi ya asilimia 30, tuseme imefika 140, mwonyeshe daktari karatasi zote mbili umuulize wazi kama mishipa ya figo inaweza kuwa imebana. Ila usiziache dawa kwa uamuzi wako maana ndizo hizo hizo zinazolinda figo za mwenye sukari, daktari ndiye aseme zipunguzwe au zibadilishwe.

Kipimo cha kuanzia ni ultrasaundi ya dopla, inayoonyesha damu inavyopita kwenye mshipa. Ile ya kawaida inaonyesha ukubwa tu, japo nayo ikionyesha figo moja ndogo kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu ni dalili. Wakikwambia uje na njaa, uliza insulini ya asubuhi unachoma au huchomi usije ukaanguka kwenye foleni. Wakikupeleka picha ya CT ya kuchomwa dawa ya kuonyesha mishipa, sema mapema kama unatumia metformini na figo zako zikoje.

Ukikutwa mishipa ya figo imebana usikimbilie kuuza kiwanja uwekewe stenti, kile kibomba cha wavu kinachotanua mshipa. Utafiti wa CORAL uliotoka 2014, watu 947, ulilinganisha dawa peke yake na dawa pamoja na stenti, na kwenye vifo, moyo, kiharusi na figo kufeli hakukuwa na tofauti ya maana. Dawa za presha, ya kolesteroli, mara nyingi na aspirini, na kuacha sigara, ndiyo tiba ya wengi. Stenti inafikiriwa zaidi kwa ambaye presha imegoma kila kitu, figo zinashuka haraka, au mapafu yanajaa maji ghafla, na huyo wa mwisho akiamka usiku anahema hawezi kulala chali apelekwe hospitali usiku huo huo.

Na ukiona insulini ni ile ile, chakula kile kile, lakini sukari imeanza kushuka ovyo, usishangilie kwamba unapona. Figo ikichoka insulini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kapime kriatinini wiki hiyo hiyo na dozi iangaliwe upya.