Somo: Kuchagua rivolva ya baruti nyeusi kwa ajili ya kulenga shabaha

Wakuu, swali la "ninunue ipi" limerudi mara nyingi, kwa hiyo tuliweke somo zima hapa. Ninazungumzia rivolva (bastola zenye silinda inayozunguka) mpya zilizoundwa kwa kufuata miundo ya karne ya 19, zile unazopakia kwa mbele ya silinda: baruti, risasi ya duara juu yake, kisha fataki (kikofia kidogo kinacholipuka na kuwasha baruti) kwa nyuma. Nyingi hutoka Italia, karibu na mji wa Brescia, kwa watengenezaji Uberti, walioanza mwaka 1959, na Pietta.

Hatua ya 1: Sheria. Kuna nchi zinazozihesabu kama vitu vya kale, na kuna nyingine zinazozihesabu kama silaha kamili inayohitaji kibali. Baruti nayo mara nyingi ina masharti yake ya kununua na kuhifadhi. Ulizia mamlaka husika kabla hujalipa chochote, na ulizia uwanja unaotarajia kupigia kama wanapokea baruti nyeusi. Vipo visivyotaka moshi.

Hatua ya 2: Fremu ya chuma. Hapa sibishani na mtu. Utaona rivolva yenye fremu ya brasi, inang'aa, na bei yake iko chini kuliko ya chuma. Brasi ni laini. Ukipakia baruti nyingi mara kwa mara, silinda inarudi nyuma na kugonga fremu, mhimili unalegea, na mwanya kati ya silinda na mtutu unapanuka. Ukiletewa iliyotumika, toa silinda utazame fremu pale inapokaa nyuma ya silinda: ukikuta duara limejichora kwenye brasi, hiyo imeshachapwa, iache. Tena kuna vichekesho vya historia humo. "Navy 1851" ya brasi yenye kaliba (upana wa tundu la mtutu) .44 haikuwahi kutengenezwa na Colt, kampuni ya Marekani yenye muundo huo. Ya kwao ilikuwa .36, na fremu yake haikuwa ya brasi. Waliotumia brasi ni mafundi wa majimbo ya Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwa sababu ya uhaba wa chuma.

Hatua ya 3: Colt au Remington. Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe.

Colt haina daraja la chuma juu ya silinda. Mtutu unashikwa na kabari moja inayopita kwenye mhimili. Ukiisukuma nje, bastola inaachana vipande vitatu, na kuisafisha ni raha. Mhimili wake ni mnene na unashika grisi vizuri, kwa hiyo silinda inazunguka muda mrefu kabla masizi hayajaikaba. Tatizo ni kulenga: kilengeo cha nyuma ni kibonyeo kilichochongwa kwenye nyundo, na kwa umbali mfupi risasi hupiga juu. Tatizo la pili ni fataki. Ikishalipuka hupasuka, na vipande hupenda kudondokea ndani ya mtambo, nyundo ikakwama.

Remington, ile inayoitwa 1858 kwa sababu ya tarehe ya hataza, ina fremu iliyofungwa juu. Ni imara zaidi, na mfereji wa kulengea uko kwenye fremu yenyewe, hautikisiki. Kutoa silinda ni kuweka nyundo nusu, kushusha wenzo wa kushindilia na kuvuta pini. Pini hiyo ni nyembamba, kwa hiyo masizi yanaikaba mapema. Kitambaa chenye unyevu kwenye uso wa silinda kila baada ya raundi chache kinasaidia sana.

Kama unachotaka ni alama kwenye karatasi, mimi nasema Remington. Anayefikiria mashindano ya MLAIC (shirikisho la kimataifa la wapigaji wa silaha za kupakia kwa mbele), shindano lake la rivolva liitwalo Mariette hupigwa mita 25, risasi 13 ndani ya dakika 30, na 10 bora ndizo zinazohesabiwa. Huko utakuta pia rivolva ya muundo wa Rogers & Spencer, na ina wapenzi wake.

Hatua ya 4: Kaliba. Kaliba .36 inakula risasi ya .375 na greni 15 hadi 20 za baruti (greni 15 ni kama gramu moja). Ni tulivu mkononi na haili risasi nyingi. Kaliba .44 inatumia .451 au .454 kutegemea mtengenezaji, na greni 20 hadi 30 zinatosha kabisa. Walker ya 1847, Colt kubwa, ina uzito wa kilo 2 hivi. Isiwe ya kwanza.

Hatua ya 5: Ikague mkononi. Hakikisha kwanza haina kitu ndani. Vuta nyundo taratibu huku kidole kikigusa silinda kidogo tu: silinda lazima ijifunge yenyewe kabla nyundo haijafika mwisho, na iwe hivyo kwa chemba zote sita. Weka nyundo nusu, bonyeza kifyatulio; nyundo ikiteleza, rudisha bastola kwa muuzaji. Mwisho pima chemba na mtutu kwa kalipa, yaani koleo la kupimia upana. Chemba zikiwa nyembamba kuliko mifereji ya mtutu, risasi inabanwa ikawa ndogo na shabaha inatawanyika, hata ungekuwa na mkono wa jiwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, baruti nyeusi ni shida kupata kwetu. Naweza kuweka kidogo ile ya risasi za kisasa?
Jibu: Hapana, hata chembe. Shinikizo lake ni kubwa mno na silinda itapasuka usoni mwako. Tafuta mbadala uliotengenezwa kwa silaha hizi, kama Pyrodex P, na upime kwa ujazo, si kwa uzito.

Swali: Nimesikia chemba zote zinaweza kuwaka kwa mpigo. Ni kweli?
Jibu: Hutokea. Risasi ikishindiliwa lazima ikatwe kijipete chembamba cha madini ya risasi pembeni. Usipokiona, risasi ni ndogo. Weka kipande cha feliti (kitambaa kizito cha sufi) chenye grisi chini ya risasi au grisi juu yake, na fataki zikae zimebana kwenye vichuchu (vijibomba vya nyuma ya silinda zinapovishwa). Mkono wa pili usiwe mbele ya silinda kamwe.

Swali: Mkuu, mimi nina mikono midogo.
Jibu: Dada, jaribu Navy 1851, mpini wake ni mfupi na umekaa vizuri. Remington huwagonga baadhi ya watu kidole cha kati kwenye ulinzi wa kifyatulio, kwa hiyo ishike kabla ya kulipa.

Swali: Nikinunua ya chuma kisichoshika kutu, naweza kuiosha kesho yake?
Jibu: Osha siku hiyo hiyo. Masizi yananyonya unyevu, na ndani kuna springi na skrubu zisizo za chuma hicho. Maji ya moto na sabuni, kausha, paka mafuta.

Swali: Zaidi ya bastola, ninunue nini?
Jibu: Ufunguo wa vichuchu, fataki namba 10 na 11 ujue zipi zinakaa, risasi za madini ya risasi tupu laini, na kipimo cha baruti. Baruti mimina kwenye kipimo kwanza. Chupa ya baruti isielekezwe moja kwa moja kwenye chemba, maana cheche iliyobaki ndani itafuata mkondo hadi mkononi.