Risala mbele ya mgeni rasmi: namna ya kuiandika na kuisoma

Katika shughuli nyingi za Unguja na Pemba, iwe ufunguzi wa kisima cha shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) au mahafali ya skuli, hufika pahala mwendesha shughuli akamwita msoma risala. Hapo ndipo wananchi wanaposema na mgeni akasikiliza. Baada ya hapo zamu inakuwa yake. Risala ni kauli ya kikundi kizima. Anayeisoma hana ruhusa ya kutia neno ambalo wenzake hawakulikubali, wala kuahidi jambo ambalo hawakulijadili.

Kwa hiyo kazi huanza kikaoni, si kwenye kompyuta. Tuchukue ushirika wa wakulima wa mwani. Wanachama wakae siku 10 kabla ya shughuli na wajibu mambo matatu: tumefanya nini, kimetukwamisha nini, na tunataka nini kwa mgeni huyu hasa. Katibu aandike majibu kwenye daftari la kikao. Takwimu zitoke kwenye daftari la mauzo, zisitoke kichwani mwa mtu. Mwenyekiti akisema "tunavuna tani 2", muulize: kwa mwezi au kwa msimu? Mwani mbichi au mkavu? Mwani ukikauka hubaki na sehemu ndogo tu ya uzito wake, na anayechanganya hesabu hizo mbili anasoma uongo hadharani bila kujua. Mara nyingi mgeni huja na ofisa anayezijua.

Ombi liwe moja, mawili yakizidi sana. Risala yenye maombi tisa humpa mgeni nafasi ya kuchagua lililo jepesi na kuyaacha mengine. Na ombi lipimike. "Tunaomba utusaidie katika shughuli zetu" halijibiki. Liandikwe hivi: "Tunaomba chanja 4 za kuanikia mwani, kila moja urefu wa mita 10. Mbao, nyavu na misumari ni shilingi milioni mbili na laki nne. Sisi wanachama tumeshachanga laki sita, na kazi ya kujenga ni yetu." Kisha sababu kwa sentensi moja: mwani unaoanikwa chini hushika mchanga na mnunuzi hushusha bei.

Angalieni pia ombi linapelekwa kwa nani. Maji, hospitali na skuli zetu si mambo ya Muungano. Yako chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na anayeyasemea katika Baraza la Wawakilishi ni Mwakilishi wa jimbo. Mbunge anakaa katika Bunge la Muungano, Dodoma. Kumwomba Mbunge akamuulize waziri wa maji wa Zanzibar bungeni ni kupoteza dakika zenu.

Risala ikishakubaliwa, nakala ipitie kwa sheha na ifike ofisi ya mgeni siku 3 kabla. Hatua hii huachwa sana, na ndiyo inayoamua jibu. Mgeni anayelisikia ombi kwa mara ya kwanza jukwaani hana la kusema ila "nimelipokea, nitalifanyia kazi". Aliyelisoma mapema huwa ameshawauliza watendaji wake.

Ukiombwa na ofisi yoyote uondoe malalamiko, unaweza kulainisha lugha lakini usibadilishe jambo. "Mmetutupa" inaweza kuwa "mabomba yamekauka tangu mwezi wa nane". Sentensi ya pili ina adabu zaidi na pia ina nguvu zaidi. Kama wanataka jambo lenyewe lifutwe kabisa, lirudishwe kwa wanachama waamue wao. Mwandishi asilifute peke yake usiku.

Kuna mengine yasiyofaa kuingia kwenye risala hata yakiwa kweli. Usimtuhumu mtu kwa jina mbele ya hadhara, kwani hana kipaza sauti cha kujitetea. Wizi wa fedha za kikundi una njia zake. Usimtaje mtoto yatima au mgonjwa kwa jina ili mgeni aone huruma. Sema "wanafunzi 14 hawana sare" na orodha ibaki kwa mwalimu mkuu. Usimsifu mgeni kwa jengo lililojengwa na mfadhili mwengine au na aliyemtangulia: watu wanajua, na wataacha kukusikiliza hapo hapo. Aya ya Kurani au hadithi isiandikwe mpaka imesomwa mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani, hasa zile zinazosambaa kwenye simu. Na kikundi chenye wanachama wa vyama tofauti hakina haki ya kufungua risala kwa salamu ya chama kimoja. Nusu ya mliowaandikia watajiona wageni katika shughuli yao wenyewe.

Kwa urefu, hesabu maneno 100 kwa dakika kwa anayesoma kwa kituo. Dakika 5 ni maneno 500, yaani kurasa mbili zenye herufi kubwa. Salamu na shukrani zisizidi dakika moja. Anza na mgeni rasmi, kisha viongozi kwa vyeo vyao, masheikh, sheha, wazee, na wananchi. Mwendesha shughuli akiwa ameshawataja wote, sema "itifaki imezingatiwa" uendelee. Jina la mgeni liachie nafasi ulijaze kwa kalamu asubuhi hiyo, maana wageni wengi huwakilishwa, na kumwita mwakilishi kwa jina la aliyemtuma ni aibu isiyo na lazima. Mafanikio yapate dakika moja na nusu. Muda uliobaki ni wa kikwazo na ombi.

Karatasi iandikwe upande mmoja, kurasa zipewe namba, na sentensi isivuke ukurasa. Fedha ziandikwe kwa maneno; "2,400,000/=" humkwamisha msomaji mwenye woga. Chora mstari pembeni mwa aya zinazoweza kurukwa, kwa sababu mgeni akichelewa utanong'onezewa ufupishe. Zinazorukwa ni za mafanikio, kamwe si ombi. Na wakati wa upepo wa kusi, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Jambiani na Makunduchi, karatasi zisizobanwa kwenye faili gumu zitaruka.

Soma kwa sauti mara tatu nyumbani, saa ikiwa mbele yako na mtu akikusikiliza. Neno linalokukwaza mara mbili, libadilishe. Lafudhi ya Tumbatu au ya Micheweni haina haja ya kufichwa. Wanaoiga sauti ya mtangazaji wa redio huishia kuisikiliza sauti yao na kusahau maana.

Siku yenyewe fika kabla ya watu uonane na fundi wa mitambo. Spika zikae mbele ya pahala utakaposimama, zikiwaelekea watu. Zikiwa nyuma yako sauti yake huingia tena kwenye maiki na mitambo ikapiga mluzi. Ukisikia mluzi usizibe kichwa cha maiki kwa mkono, utauzidisha. Sogea mbali na spika. Maiki iwe vidole vinne kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisilipuke. Shughuli za mchana hugongana na adhana ya Alasiri, karibu na saa 10. Ikianza, nyamaza mpaka imalizike, kisha urudie aya uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Kwenye ombi, simama kidogo, mtazame mgeni, na usome polepole kuliko kwengine kote.

Ukimaliza, mkabidhi nakala yenye saini za mwenyekiti na katibu. Katibu asiweke kalamu chini: aandike alichojibu mgeni kwa maneno yake, na jina la ofisa aliyeagizwa. Wiki moja baadaye ofisa huyo apelekewe barua inayotaja tarehe ya shughuli, ombi, na jibu lililotolewa, na nakala ibaki kwa sheha.