Somo: Seli inavyozoea, inavyoumia na inavyokufa

Wengi mnaosoma uuguzi na utabibu hapa Nairobi huingia kwenye mtihani wa patholojia, yaani elimu ya magonjwa, mkiwa mmekariri majina, swali likigeuzwa kidogo mnakwama. Anzeni na swali moja: seli hii bado inaweza kurudi ilivyokuwa?

Hatua ya 1: Angalia kama imezoea tu

Seli ikizidishiwa kazi au ikinyimwa, hujirekebisha kwanza. Mwenye presha ya muda mrefu, seli za misuli ya moyo wake hunenepa bila kuongezeka idadi: haipatrofi. Idadi ikiongezeka, kama kwenye matiti ya mjamzito, ni haipaplasia. Aliyeanguka na bodaboda akafungwa plasta mguuni, plasta ikitolewa utaona paja limekonda: atrofi.

Metaplasia, yaani aina moja ya seli kuchukua nafasi ya nyingine, ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa mvutaji sigara, seli ndefu zenye vinyweleo ndani ya njia ya hewa huacha nafasi kwa seli bapa. Hizi zinavumilia moshi, ila haziwezi kufagia makohozi, basi kikohozi hakimwishi. Moshi ukiendelea, saratani yaweza kuanzia hapo hapo. Na tafadhali msiandike kwamba seli ndefu imegeuka bapa: ni seli shina (seli zinazozaa seli nyingine) zilizo chini yake ndizo zinazoanza kuzaa aina nyingine.

Hatua ya 2: Fuata jeraha linaloweza kupona

Chukua mfano wa mshipa ulioziba. Oksijeni inapungua, mitokondria, yaani mitambo ya nishati ya seli, zinashindwa kutengeneza ATP (nishati ya seli) ya kutosha, na pampu inayotoa sodiamu nje ya seli inalegea. Sodiamu inajaa ndani, maji yanaifuata, seli inavimba. Wakati huo inachoma glukosi bila oksijeni, na asidi ya laktiki inarundikana. Damu ikirudi sasa, seli inapona. Mafuta kwenye ini la mnywaji pombe nayo yako hatua hii. Akiacha mapema, huisha.

Hatua ya 3: Tafuta mpaka

Mambo mawili yanaonyesha kwamba seli haitarudi: mitokondria zimeharibika kabisa, na utando unaoizunguka seli umepasuka. Kalsiamu inafurika ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyokatakata protini, utando na DNA. Neuroni, yaani seli za ubongo na neva, hufika hapo dakika 3 hadi 5 tu baada ya kukosa damu. Misuli ya moyo, dakika 20 hadi 40 hivi. Utando wa seli ya moyo ukipasuka, protini yake iitwayo troponini huvujia kwenye damu, na ndiyo maabara hupima mgonjwa akija na maumivu ya kifua.

Hatua ya 4: Taja aina ya kifo

Nekrosisi ni kama nyumba kubomolewa na tingatinga: seli inapasuka, vilivyomo vinamwagika, na uvimbe unazuka pande zote. Apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie, ni mwenye nyumba kubomoa mwenyewe, bati kwa bati, na majirani wakabeba vipande. Seli inasinyaa, vimeng'enya viitwavyo kaspasi vinaikata kwa mpango, na seli jirani zinameza mabaki bila kuleta uvimbe. Vidole vya mtoto tumboni hutengana hivyo.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, sugu za mikononi za mafundi wa vyuma wa Kamukunji hapa Nairobi ni ugonjwa?*
Hapana. Ngozi inayosuguliwa na nyundo kutwa huongeza seli na kuzidisha unene wa tabaka la juu. Akipumzika muda mrefu, sugu hupungua. Hiyo ni hatua ya 1.

*Kifua kikuu kiko wapi kwenye mpango huu?*
Ni nekrosisi, ya aina ya jibini, kwa kuwa kitovu cha kidonda huonekana cheupe na laini kinachomeguka. Sura ya nekrosisi hutegemea kiungo: ubongo uliokosa damu huyeyuka, moyo hubaki na umbo lake kwa siku kadhaa. Kwenye mtihani taja kiungo kabla ya aina, utakosea mara chache.

*Mwalimu, nimesikia kurudisha damu kunaweza kuumiza moyo. Kweli?*
Kweli, na swali zuri. Oksijeni ikirudi ghafla, mitokondria zilizojeruhiwa hutoa molekuli kali za oksijeni, na kalsiamu huingia zaidi. Seli nyingine hufa wakati huo huo wa kuokolewa. Hata hivyo mshipa hufunguliwa, tena haraka iwezekanavyo, kwa sababu zinazopona ni nyingi kuliko hizo.